Kombe Lina Wenyewe Wawili

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa vilabu, waamuzi, makocha, wachezaji, wazee wetu mliocheza zamani, na ninyi mashabiki ambao hata humu ukumbini mmekaa pande mbili kama mnavyokaa uwanjani: salaam kwenu nyote, na asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie makombe. Kombe la Dunia nitaliacha, lina wasemaji wa kutosha. Nataka tuyazungumze makombe madogo, yale yanayogombewa na mitaa miwili, vijiji viwili, vyuo viwili, au vilabu viwili vilivyozaliwa jirani vikakua vikitazamana kwa jicho la pembe. Ni makombe ambayo mtu wa mbali akiyaona hashtuki, lakini mwenyeji akiyakosa usingizi haumjii.

Hoja yangu ni moja na nitaisema sasa hivi, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kujiandaa. Anayelipa kombe thamani ni yule aliyelikosa. Pasipo na upande wa pili unaoumia, kombe ni bati lililong'arishwa. Kwa hiyo mpinzani wenu ni mwenye mali mwenzenu. Kombe ni lake pia, hata mwaka ambao limelala kabatini kwenu. Tukikubaliana hapo, mengi tunayogombania vikaoni, nani adhamini, nani aandae, nani akae jukwaa kuu, yatakuwa mepesi.

Tuanze na gudulia la maji.

Oktoba 31, 1903, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ilikwenda Minneapolis kucheza na Minnesota mpira wa Kimarekani. Kocha wa Michigan, Fielding Yost, hakuwa na imani na maji ya wenyeji wake. Akamtuma meneja wa timu, kijana mwanafunzi aitwaye Tommy Roberts, akatafute chombo cha maji. Kijana akarudi na gudulia la udongo la galoni tano alilolinunua kwa senti 30. Minnesota waliposawazisha ikawa 6-6, watu wakamwagika uwanjani kwa furaha na mchezo ukaishia hapo. Michigan wakaondoka katikati ya msukosuko ule, gudulia likabaki. Mfanyakazi wa uwanjani, Oscar Munson, akaliokota na kulipeleka kwa mkuu wa michezo wa chuo, L. J. Cooke. Wakalipaka maandishi yanayosema kwamba ni gudulia la Michigan, limetekwa na Oscar. Wakaandika na matokeo: sita ya Minnesota wakaichora kubwa, sita ya Michigan wakaichora ndogo.

Hebu itazameni vizuri hiyo. Mechi ilikuwa sare, mabao ni yaleyale, lakini tarakimu moja imevimba na nyingine imesinyaa. Mashabiki wote mliomo humu mnaielewa lugha hiyo. Timu zile zilipokutana tena mwaka 1909, Michigan walishinda wakalichukua gudulia lao, na tangu hapo limekuwa likigombewa kizazi baada ya kizazi, matokeo yakiandikwa ubavuni. Hapakuwa na mfadhili, hapakuwa na uzinduzi wala fedha yenyewe ya kutengenezea kombe. Kilichokuwapo ni upande mmoja uliosema: kitu chenu tunacho, njooni mkichukue. Na upande wa pili ukaona ni haki yake kuja.

Sasa tujitazame sisi tunaoendesha mashindano. Kila msimu tunatafuta mdhamini mpya, mdhamini anakuja na kombe jipya lenye jina lake, linang'aa, ni refu kuliko nahodha atakayelinyanyua. Mwaka unaofuata mdhamini amehama, na kombe lile halina mechi. Linawekwa juu ya kabati kando ya mengine sita ya aina hiyo. Muulizeni mchezaji aliyelitwaa mwaka ule kombe hilo linaitwaje. Atawatajia aliyefunga bao, atawatajia waliyemfunga, lakini jina la kombe atababaika. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu makombe hayo yamegharimu watu fedha za kweli, na fedha hiyo ingetosha kutunza kombe moja kwa miaka mingi.

Siwalaumu wadhamini. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya William Gossage. Tanganyika na Zanzibar zikajiunga baadaye. Mashindano yale yakabadilishwa majina, yakafika hadi kuwa ya CECAFA, baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, na wachache sana leo wamewahi kuiona sabuni yenyewe. Kilichobaki ni ushindani. Kenya na Uganda zikikutana leo, hata mechi ya kirafiki haina urafiki sana mpaka dakika 90 ziishe. Mdhamini alileta chombo. Majirani wakakijaza wenyewe. Kwa hiyo mdhamini akija, apewe mabango, apewe vifua vya jezi, ashukuriwe hadharani kwa jina. Kombe lenyewe lisibadilishwe kwa ajili yake. Asiyekujua hakuthamini, na mdhamini wa mwaka mmoja hawezi kulijua deni ambalo mtaa mmoja unaudai mtaa mwingine tangu enzi za baba zao.

Kuna mfano mwingine wa fedha ambao naupenda zaidi. Mwaka 1873 Waingereza waliokuwa Calcutta, India, waliunda klabu ya raga. Baada ya miaka michache wanachama walipungua, na mwaka 1878 klabu ikavunjwa. Benki palikuwa na fedha zao. Klabu inapokufa, kilichobaki mfukoni huwa tunakijua kinakwenda wapi: karamu moja ya kuagana, au ugomvi. Wale walizitoa fedha zikiwa rupia za fedha, wakaziyeyusha, wakatengeneza kombe lenye mikono mitatu ya nyoka aina ya swila na tembo juu ya kifuniko, wakalikabidhi kwa chama cha raga cha Uingereza. Tangu 1879 England na Scotland zinaligombea. Klabu yenyewe haipo, na waliokuwa wanachama wamekufa wote, lakini kila mwaka watu maelfu wanapaza sauti kwa ajili ya rupia zao.

Nalitaja kombe hilo pia kwa sababu ya lililolipata mwaka 1988. Usiku wa baada ya mechi, wachezaji wawili, Dean Richards wa England na John Jeffrey wa Scotland, walitoka nalo wakalipiga mateke kama mpira kwenye barabara ya Princes Street, Edinburgh. Likabonyea. Wote wawili walifungiwa, ila Jeffrey alifungiwa miezi sita na Richards wiki moja. Watu hulicheka jambo hili. Mimi linanikera, na linanikera zaidi kwa tofauti ya adhabu. Kosa lilikuwa moja na kombe lilikuwa moja. Mkifika mahali ambapo upande mmoja unaadhibiwa kuliko mwenzake kwa kosa lilelile, mmeshaanza kutia sumu kwenye utani.

Na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwenye sumu. Najua wapo humu watakaosema: bwana, unasifu uhasama, na sisi tumeshuhudia watu wakirushiana mawe kwa ajili ya kombe la mtaa. Ni kweli. Nami nimekubali mwaliko huu hasa kwa ajili ya kisa nitakachowaeleza sasa.

Minnesota walewale wa gudulia wana jirani mwingine, Iowa. Mwaka 1934 Iowa walikuwa na mkimbiaji hodari aitwaye Ozzie Simmons, mmoja wa wachezaji weusi wachache waliokuwa kwenye timu kubwa za vyuo Marekani wakati ule. Minnesota walimwandama. Waliona njia ya kuishinda Iowa ni kumvunja Simmons, wakamkanyaga na kumgonga mpaka akashindwa kuendelea na mchezo. Mechi iliisha 48-12. Watu wa Iowa walikwenda nyumbani na kinyongo, wakakitunza mwaka mzima, maana mwaka uliofuata Minnesota ndio wangekuja Iowa.

Ilipokaribia siku, Novemba 1935, gavana wa Iowa, Clyde Herring, alisema mbele ya waandishi kwamba waamuzi wakiruhusu tena ukatili ule, ana hakika umati hautaruhusu. Mnaelewa uzito wa maneno hayo. Huyo hakuwa shabiki aliyelewa, alikuwa mkuu wa jimbo. Kauli ya namna hiyo ikitoka juu, huku chini inageuzwa mawe na chupa.

Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, angeweza kujibu kwa ukali, au kuomba askari zaidi. Alichofanya ni kutuma simu ya maandishi yenye utani. Alimwambia mwenzake: nawekeana nawe dau, nguruwe bora wa Minnesota kwa nguruwe bora wa Iowa, na atakayeshindwa ampeleke mwenyewe kwa mshindi. Herring akakubali. Habari ikaenea haraka, na mazungumzo mitaani yakahama kutoka kwenye kulipiza kisasi yakaenda kwenye nguruwe. Mechi ikachezwa kwa amani. Minnesota wakashinda 13-6. Gavana Herring akampata nguruwe kutoka shamba liitwalo Rosedale, akampa jina la mwenzake, Floyd, akampeleka hadi ndani ya ofisi ya gavana wa Minnesota, akamkanyagisha zulia. Olson akaagiza mchongaji, Charles Brioschi, atengeneze sanamu yake. Nguruwe mwenyewe hakudumu, aliugua akafa. Sanamu ya shaba, yenye uzito wa kilo zaidi ya 40, inagombewa mpaka leo.

Kuna mawili nayaona katika kisa hicho, na mnisikilize yote mawili. Moja ni kwamba hasira ya watu haikuzimwa kwa mahubiri. Watu wa Iowa hawakuambiwa waipende Minnesota. Walipewa kitu cha kugombania ambacho kinaweza kupotezwa na kurudishwa. Kinyongo hakina tarehe ya kulipwa, ndiyo maana kinaua. Dau lina tarehe. Aliyeshindwa mwaka huu anajua lini atarudi kudai.

La pili ni zito zaidi. Kombe lile lilichukua jina la gavana na jina la shamba. Jina la kijana aliyekanyagwa halikuingia. Utani wa Olson uliokoa watu wasiumizane siku ile, na ninamsifu kwa hilo, lakini haukumrudishia Simmons haki yake. Nawaomba viongozi mlikumbuke jambo hili mnapoitwa kusuluhisha. Mchezaji akitukanwa kwa rangi yake, kabila lake, dini yake, au kwa kuwa ni mwanamke, msikimbilie kusema ni utani wa jadi. Utani una pande mbili zinazoweza kujibizana. Kitendo cha watu kumi kumwangukia mmoja kina jina lingine, na kinapaswa kuadhibiwa hata kama aliyekifanya ndiye mfungaji wenu bora.

Nimetaja mawe, basi nimalizie mawe. Tunapenda kudhani kwamba fujo huanzia kwenye chuki ya shabiki kwa shabiki. Tazameni Glasgow, mwaka 1909, fainali ya Kombe la Scotland, Rangers na Celtic, mahasimu wanaojulikana dunia nzima. Mechi ya kwanza ilikuwa 2-2, ya marudiano 1-1. Watu tayari walikuwa wananong'ona kwamba sare hizi ni za kupanga, ili viingilio vikusanywe mara nyingine. Kipenga cha mwisho kilipolia, umati ulisimama ukisubiri dakika za nyongeza. Baadhi ya wachezaji nao walibaki uwanjani kana kwamba bado kuna mchezo. Kisha wakaondoka. Kanuni haikuwa na dakika za nyongeza kwa siku ile, ila hakuna aliyekuwa amewaambia watu.

Kilichofuata ni uharibifu: nguzo za magoli ziling'olewa, vibanda vya tiketi vikachomwa moto, zimamoto walipofika mipira yao ya maji ikakatwa. Na mashabiki wa Rangers na wa Celtic hawakuwa wakipigana wao kwa wao. Walikuwa upande mmoja, dhidi ya waandaaji na polisi. Kombe la mwaka ule halikutolewa kwa klabu yoyote. Ninyi makatibu wa mashindano, hicho kisa ni chenu kuliko cha mashabiki. Kanuni ya sare, kanuni ya penalti, kanuni ya mchezaji asiyesajiliwa, vitangazwe kabla mpira haujawekwa katikati, na vitangazwe kwa kipaza sauti, visibaki kwenye karatasi iliyo mfukoni mwa mtu mmoja.

Wengi mmeniuliza kabla ya kikao kama ni bora kombe liwe la mtoano, la ligi, au vipi. Kwa kombe la majirani, mimi napendelea utaratibu wa kulitetea. New Zealand wana ngao ya raga iitwayo Ranfurly, iliyotolewa na gavana wao wa enzi hizo. Mwaka 1902 walikabidhiwa Auckland, na 1904 Wellington wakawa wa kwanza kuja kuwapokonya. Ngao ile haina fainali. Anayeishika anaitetea nyumbani kwake dhidi ya anayekuja kumpa changamoto, na sare inamwachia mwenye nayo. Uzuri wake ni kwamba jimbo dogo, lisiloweza kuota ubingwa wa ligi kwa sababu halina wachezaji wa kutosha msimu mzima, linaweza kujikusanya kwa siku moja, likapanda basi, likarudi na ngao. Mchana mmoja unatosha kubadilisha hadithi ya mji. Ni mbao tu, wenyewe huiita gogo. Na ilipoletwa, picha iliyochongwa katikati ilikuwa ya soka, ikabidi irekebishwe ifanane na raga.

Kwenye hoki ya barafuni, Kanada, Kombe la Stanley lilianza hivyohivyo, la kupeana changamoto. Gavana mkuu Lord Stanley alilitoa mwaka 1892, bakuli la fedha lililonunuliwa London. Mwaka 1905 vijana wa Dawson City, mji wa wachimba dhahabu huko Yukon, walisema na sisi tunalitaka. Walisafiri maelfu ya kilomita hadi Ottawa, wengine kwa miguu, wengine kwa baiskeli na mbwa wa kuvuta, kisha meli, kisha treni. Walifungwa 9-2. Mechi ya pili wakafungwa 23-2, na mtu mmoja, Frank McGee, akafunga mabao 14 peke yake. Wapo watakaoona aibu hapo. Mimi naona mji ambao haukuomba ruhusa ya mtu kujihesabu kuwa unastahili. Kombe lililo wazi kwa anayethubutu ndilo linalowafanya watu watembee hivyo. Siku hizi kombe hilo ni la ligi ya kulipwa, na Dawson City hawawezi tena kubisha hodi.

Sasa, wapo wanaosema ushindani wa mitaa ni jambo la watu wasio na shughuli. Waende Siena, Italia. Mji ule una mitaa 17 yenye bendera zake, makumbusho yake, na baadhi yake ina hasimu wake rasmi anayejulikana na kila mtoto. Mara mbili kwa mwaka, Julai 2 na Agosti 16, mitaa kumi huingiza farasi kwenye uwanja mkuu, raundi tatu, dakika moja na nusu hivi, imekwisha. Farasi hugawiwa kwa kura, kwa hiyo tajiri hawezi kununua aliye bora. Farasi akimwangusha mpandaji wake akafika wa kwanza akiwa peke yake, mtaa wake umeshinda. Na tuzo ni kitambaa kilichochorwa.

Ninachotaka mkione hapo ni jinsi wanavyohesabu. Mtaa usiposhinda, bado una jambo la kushukuru ikiwa hasimu wake naye hakushinda. Aliyeshika nafasi ya pili ndiye anayeonekana ameshindwa vibaya kuliko wote, maana alilifikia akalikosa. Na mtaa uliokaa miaka mingi zaidi bila ushindi hupewa jina la bibi kizee, jina ambalo halimtoki mpaka ashinde. Hiyo ni kejeli kali. Lakini fikirini: ili kuujua mtaa upi ni bibi kizee, lazima mji mzima uwe unatunza hesabu ya kila mtaa, hata ile dhaifu. Hakuna anayesahauliwa. Mashindano yetu mengi yanamkumbuka bingwa peke yake, na klabu iliyoshika mkia miaka kumi inakufa bila mtu hata wa kuitania.

Na kuhusu nani abaki na tuzo mkononi, kuna utaratibu wa Kirkwall, visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland, ambao ningependa tuuige. Sikukuu ya Krismasi na siku ya mwaka mpya, mji hugawanyika pande mbili, Uppies na Doonies, yaani wa juu na wa chini, wakausukuma mpira wa ngozi barabarani kwa saa nyingi, mamia ya watu. Tuzo ni mpira wenyewe. Baada ya ushindi, washindi humchagua mmoja wao akae nao milele. Hawamtafuti aliyefunga siku ile. Humtafuta mtu aliyecheza miaka mingi, aliyesukuma katikati ya kundi ambako hakuna anayemwona. Kila klabu humu ina mtu huyo. Ni beki wa pembeni aliyecheza misimu 15 bila kupigwa picha. Mpeni mpira wa fainali.

Lipo jambo ambalo mwenyekiti aliniomba nisilisahau, nami nisingelisahau. England na Australia hugombea kijungu kidogo cha udongo, kirefu kama kidole kirefu cha mkono, kiitwacho Majivu. Chanzo chake ni kejeli ya gazeti moja la London, mwaka 1882, Australia ilipoifunga England kwa kriketi pale The Oval, uwanja wa London: liliandika tanzia ya kriketi ya Uingereza, kwamba mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Nahodha Ivo Bligh alipokwenda Australia msimu uliofuata, akapewa kijungu hicho na akina mama wenyeji wake karibu na Melbourne. Kwa hiyo ni wanawake waliotoa kombe linalotajwa kuliko yote katika kriketi ya wanaume. Wanawake wenyewe wa nchi hizo mbili walianza kucheza mechi zao za kimataifa Desemba 1934. Majivu yao walikuja kuyapata mwaka 1998, gongo la kriketi lilipochomwa pale Lord's, uwanja mwingine wa London, na majivu yake kuwekwa ndani ya mpira wa mbao. Hiyo ni miaka zaidi ya 60 ya kushindana bila kitu cha kushika.

Ndugu zangu, dabi ya wasichana wetu ina umri wa kutosha na ina kelele za kutosha. Haina kombe. Inapewa medali zilizobaki za wavulana. Napendekeza ipate kombe lake, na waliocheza mechi za mwanzo ndio waamue liwe kitu gani. Wakitaka gudulia, liwe gudulia.

Nimalizie na utunzaji, maana hapa ndipo tunapovuja. Kombe la kwanza kabisa la FA, chama cha soka cha Uingereza, liliibwa mwaka 1895 kwenye dirisha la duka huko Birmingham, lilikowekwa ili watu walione baada ya Aston Villa kulitwaa. Halikuonekana tena, na klabu ikatozwa faini ya pauni 25. Kijungu cha Majivu Waingereza hawakisafirishi ovyo, kinakaa makumbusho ya Lord's hata Australia ikishinda, na washindi hunyanyua kingine. Njia hiyo inawaudhi Waaustralia, na ninawaelewa. Kombe lisilolala kwa mshindi lina kasoro. Bora nakala ikae salama ofisini na kombe la kweli lizunguke, likiwa na mtu aliyetia sahihi kwamba yuko nalo.

Lakini hata likipotea, kuna linaloweza kubaki. Minnesota na Wisconsin walikuwa na tuzo ya ubao tangu mwaka 1930, iliyochongwa kwa mfano wa kipande cha nyama ya nguruwe, yenye herufi moja ambayo ukiitundika hivi inasomeka M, ukiigeuza inasomeka W. Ikatoweka miaka ya 1940. Wakaianzishia mbadala, shoka, mwaka 1948, na kila mtu akaisahau ile ya ubao. Mwaka 1994 ubao ule ukakutwa kwenye stoo ya uwanja wa Wisconsin. Walipoutazama nyuma, wakakuta matokeo ya mechi yameandikwa hadi mwaka 1970. Yaani kwa miaka zaidi ya 20, wakati watu wanasema ubao umepotea, kuna mtu aliyejua ulipo, na alikuwa akiuandika matokeo.

Sisi hatuna hata hilo. Kombe letu kongwe lina vibao vya majina kwenye kitako chake, na majina yanakatika katikati, kisha yanaanza tena baada ya nafasi tupu. Ile nafasi tupu si miaka ambayo mechi hazikuchezwa. Zilichezwa, wapo humu waliozicheza na waliozipuliza. Naomba kila klabu ilete mtu mmoja mwenye kumbukumbu, na klabu ya upande wa pili ilete wake, wakae pamoja na katibu. Mwaka ambao wote wawili wanakubaliana matokeo, tuuchonge. Mwaka wanaobishana, tuandike pande zote mbili kwenye daftari, tuendelee kutafuta gazeti au picha.

Na jambo la mwisho. Yapo makombe ambayo yako majumbani mwa waliokuwa wenyeviti na makatibu wetu, mengine yamewekewa maua. Yarudisheni kabla ya msimu kuanza. Ofisi ya mashindano itakuwa wazi Jumamosi zote mbili zijazo, hakuna atakayeulizwa lilifikaje kwake.

Asanteni sana.